Mnepo wa Boriti za Mbao na Zege Chini ya Mzigo wa Miaka Mingi

Mtu anapotembea juu ya sakafu ya ghorofa, uzito wake hubebwa na boriti kwa nukta chache tu, kisha huondoka. Lakini uzito wa sakafu yenyewe, wa kuta zilizosimama juu yake na wa makabati ya vitabu hauondoki. Hukaa palepale usiku na mchana, masika na kiangazi, kwa muda wa miaka 50 au zaidi. Mizigo ya aina hizi mbili haina athari sawa katika boriti, hata kama kwa mizani ni sawasawa. Jambo hili ni kweli kwa boriti za kila aina, bali huonekana waziwazi zaidi katika boriti iliyoundwa kwa vitu viwili, yaani mbao chini na zege juu, vilivyofungamanishwa ili vifanye kazi kama kitu kimoja.

Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kama vile Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, miti na zege vimekutana tangu zamani. Sakafu za ghorofa zililazwa juu ya miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya miti yakawekwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe zege la chokaa lililopigwapigwa mpaka likashikana. Neno "boriti" lenyewe, katika biashara ya mikoko, hutaja miti minene, tofauti na pau na fito zilizo nyembamba. Kwa kuwa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kutosha hauwi mrefu sana, vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, na upana wake kwa kawaida ni kama mita 3 au pungufu. Katika sakafu hizo mawe na chokaa ni mzigo juu ya boriti. Havikufungwa nayo kwa kusudi la kuisaidia kubeba. Hapo ndipo ilipo tofauti na boriti inayoelezwa katika somo hili.

Wazo la kulifanya zege lisaidie mbao, badala ya kuzilemea tu, lilipewa hati ya uvumbuzi nchini Ujerumani mwaka 1922 kwa jina la Paul Müller. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza chuma kilikuwa adimu, na sakafu ya zege tupu huhitaji nondo nyingi. Katika jimbo la Oregon, Marekani, njia hiyo ilijaribiwa kwa madaraja mafupi ya barabara, na matokeo yake yakachapishwa katika miaka ya 1940. Barani Ulaya imetumika sana kuimarisha sakafu za majumba ya zamani: boriti za mbao huachwa mahali pake, viungo vya chuma hupigiliwa juu yake, na bamba jembamba la zege humwagwa.

Kazi ya viungo

Boriti iliyoegemea ncha zake mbili na kulemewa kwa juu hugandamizwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Zege hustahimili sana mgandamizo, lakini hupasuka upesi linapovutwa. Mbao hustahimili mvuto vizuri, na uzito wake ni kama robo tu ya uzito wa zege la ujazo ule ule. Kwa hiyo kuweka zege juu na mbao chini ni kukipa kila kitu kazi inayokifaa.

Lakini kuviweka tu pamoja hakutoshi. Mwanafunzi akilaza rula mbili za mbao moja juu ya nyingine na kuzipinda, ataona kwamba kwenye ncha zinateleza: ya juu inatokeza nje ya ile ya chini. Kila rula inapinda peke yake. Rula hizo zikigundishwa vizuri, haziwezi tena kuteleza, na ukakamavu wake unakuwa mara 4 ya ule wa mwanzo, kwa sababu ukakamavu huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kimo: rula mbili zilizo mbalimbali zina 1 + 1 = 2, lakini rula moja yenye kimo maradufu ina 2 × 2 × 2 = 8.

Katika boriti ya mbao na zege, kazi ya gundi hiyo hufanywa na viungo: misumari, skrubu ndefu, vipande vya nondo vilivyogundishwa ndani ya mbao, au vijishimo vilivyochongwa katika mbao ambavyo zege huvijaza. Hakuna kiungo kisichoteleza hata kidogo. Kwa hiyo boriti ya kweli huwa kati ya hali mbili, ile ya rula zisizofungwa na ile ya rula zilizogundishwa, na ubora wa viungo ndio unaoamua iko karibu na ipi.

Namna kila kimoja kinavyolegea

Mzigo unapowekwa, boriti hunepa papo hapo. Huo ni mnepo wa kwanza, unaofuata kanuni ya Hooke ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaifahamu. Lakini mzigo ukiachwa, mnepo unaendelea kuongezeka bila ya kuongezwa hata kilo moja. Ongezeko hili litaitwa "mlegeo" katika somo hili. Katika boriti ya mbao na zege mlegeo una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina mwendo wake.

Mbao ni nyuzinyuzi za selulosi zilizoshikwa pamoja na vitu vingine vilivyo laini zaidi, na kuta za chembe zake zina maji hata zinapoonekana kuwa zimekauka kabisa. Chini ya mzigo wa kudumu vishikizo vya molekuli huachana na kushikana tena mahali pengine, na nyuzi husogea kidogo. Kama unyevu wa hewa haubadiliki, mwendo huu huwa mdogo na hupungua kadiri siku zinavyopita. Jambo la ajabu ni linalotokea unyevu unapobadilika. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Australia, Armstrong na Kingston, walitangaza kwamba mbao zinazobadilika unyevu huku zimelemewa hunepa zaidi sana kuliko zile zinazokaa katika unyevu mmoja. Mtu angedhani kwamba ubao wenye maji daima ndio ulio dhaifu kuliko wote. Kumbe ubao unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, unaweza kuushinda kwa kunepa. Kila badiliko la unyevu huvifungua tena vishikizo vilivyokuwa vimetulia. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za Ulaya hukadiria kwamba mlegeo wa mbao utakuwa sehemu 0.6 ya mnepo wa kwanza ndani ya nyumba kavu, 0.8 chini ya paa lililo wazi pembeni, na 2.0 mahali pa kunyeshewa.

Zege nalo lina maji ndani ya vitundu vidogo mno vya saruji iliyoganda. Likigandamizwa kwa muda mrefu hufupika polepole, na hufupika zaidi kama lililemewa likingali changa. Mlegeo wake waweza kuwa mara 2 au 3 ya mfupiko wa kwanza. Tena zege lina tabia nyingine ambayo haitegemei mzigo: linapokauka husinyaa. Bamba la zege likiwa huru, kusinyaa huko hakuna madhara makubwa. Lakini likiwa limefungwa juu ya mbao ambazo hazisinyai nalo, upande wa juu wa boriti unakuwa mfupi kuliko wa chini, na boriti inanepa hata kama hakuna mtu wala kitu juu yake.

Viungo ni chanzo cha tatu, na ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Msumari unaposukumwa na zege hubana mbao zilizo mbele yake katika eneo dogo, na mbao hizo huponyeka kidogo kidogo. Hivyo kiungo kilicholegea baada ya miaka huruhusu mtelezo mkubwa kuliko kile cha siku ya kwanza, na boriti husogea kuelekea ile hali ya rula zisizofungwa.

Hesabu ya mfano

Ichukuliwe boriti ya mbao yenye upana wa milimita 100, kimo cha milimita 200 na urefu wa mita 5 kati ya egemeo mbili. Juu yake pana bamba la zege lenye unene wa milimita 60, na boriti zimeachana milimita 600. Moduli ya unyumbufu ya mbao iwe nyutoni 10,000 kwa milimita mraba, na ya zege 25,000. Kila milimita 150 pana kiungo kinachohitaji nyutoni 15,000 ili kiteleze milimita 1. Mzigo wa kudumu uwe kilonyutoni 1.8 kwa kila mita ya boriti.

Mnepo wa katikati hupatikana kwa kanuni:

mnepo = 5wL⁴ ÷ 384EI

ambamo w ni mzigo kwa kila kipimo cha urefu, L ni urefu kati ya egemeo, na EI ni ukakamavu wa boriti nzima. Kama zege na mbao havikufungwa, mnepo wa siku ya kwanza ni milimita 15.6. Kama vingefungwa bila ya mtelezo wowote, ungekuwa milimita 4.0, yaani karibu robo, kama ilivyo kwa zile rula. Kwa viungo vilivyotajwa ni milimita 5.6. Fundi akiipima boriti hii siku hiyo atafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Sasa ipite miaka mingi. Mlegeo huingizwa katika hesabu kwa kuvifanya vitu vyote kuwa laini zaidi: moduli ya zege hugawanywa kwa 3, ya mbao kwa 1.8, na ukakamavu wa viungo kwa 2.6. Mnepo unafika milimita 12.1. Bado zege halijahesabiwa kusinyaa. Likisinyaa sehemu 3 katika kila sehemu 10,000 za urefu wake, ambacho ni kiasi cha kawaida tu, boriti itanepa milimita 4.5 zaidi. Jumla ni milimita 16.6, karibu mara 3 ya mnepo wa kwanza.

Tarakimu hizi zafaa kutazamwa kwa utulivu. Boriti iliyofungwa vizuri imefika, baada ya miaka, pale ilipokuwa boriti isiyofungwa siku ya kwanza, na kuzidi kidogo. Kikomo kinachotumiwa mara nyingi kwa sakafu ni urefu uliogawanywa kwa 300, ambao hapa ni milimita 16.7. Mzigo wa kudumu peke yake umekimaliza chote, na watu na madawati hawajaingia. Lakini lingekuwa kosa kutoa hukumu kwamba viungo havina faida. Boriti ile isiyofungwa nayo hulegea, na kwa hesabu hizo hizo mnepo wake wa mwisho ni karibu milimita 32. Faida ya viungo ipo. Ila haipimwi kwa tarakimu za siku ya kwanza.

Hesabu hii ina funzo jingine lisilotarajiwa. Mtu aweza kusema: basi viungo viwe vikali zaidi. Kama viungo visingeteleza kabisa, mlegeo na mzigo vingeleta milimita 8.0, lakini kusinyaa kwa zege kungeleta milimita 5.4 badala ya 4.5. Kadiri zege linavyofungwa kwa nguvu, ndivyo kusinyaa kwake kunavyoivuta boriti nzima. Jumla bado ni ndogo, milimita 13.4, lakini dawa ya kusinyaa lazima itafutwe katika zege lenyewe wala si katika viungo.

Mzigo unahama

Kunepa si jambo la pekee linalobadilika. Katika mfano huo, siku ya kwanza mbao hubeba kwa kupinda kwake zenyewe kama robo tu ya momenti yote. Nyingine hubebwa na ushirikiano wa mbao na zege, pamoja na kupinda kwa zege. Baada ya mlegeo na kusinyaa kwa zege, sehemu hiyo ya mbao inafika kama asilimia 40. Hakuna aliyeongeza mzigo, lakini kile kinacholegea zaidi kimejitua mzigo na kukitwisha kile kinacholegea kidogo. Ni kama watu wawili waliobeba gogo: mmoja akichoka na kuinama, uzito humwendea mwenzake.

Na hapa wakati ndio wenye neno. Bamba jembamba la zege hukauka upesi, na sehemu kubwa ya mlegeo na kusinyaa kwake hutokea katika miaka michache ya mwanzo. Mbao huenda polepole zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi cha kati ambapo zege limekwisha kulegea sana na mbao bado hazijalegea sana, na katika kipindi hicho mkazo ndani ya mbao waweza kuwa mkubwa kuliko mwanzo na kuliko mwisho. Mhandisi anayehesabu siku ya kwanza na mwaka wa 50 tu aweza kupita juu ya hatari hiyo bila ya kuiona. Mwongozo wa kiufundi wa Ulaya kuhusu ujenzi wa mbao na zege, uliotolewa mwaka 2021, unataka kipindi cha kati ya mwaka wa 3 na wa 7 kichunguzwe pia.

Nchini Italia watafiti Ceccotti, Fragiacomo na Giordano waliiacha boriti ya namna hii, yenye urefu wa mita 6 na viungo vya nondo zilizogundishwa, ikilemewa kwa miaka 5 mahali pa nje palipohifadhiwa na mvua, kisha wakaipakia mpaka ikavunjika. Mabadiliko ya hewa, ya mchana na usiku na ya majira ya mwaka, yalionekana katika vipimo vyake. Hilo si ajabu. Joto likipanda, zege hurefuka zaidi kuliko mbao kwa upande wa nyuzi zake, na boriti huinuka kidogo; mbao zikivimba kwa unyevu, boriti hushuka. Kwa sababu hiyo boriti ya namna moja haitarajiwi kuwa na historia moja Tanga penye hewa ya bahari na Dodoma penye kiangazi kirefu.

Mambo yaliyo mikononi mwa fundi

Hesabu husaidia, lakini sehemu kubwa ya mnepo wa baadaye huamuliwa katika majuma machache ya ujenzi. Mbao ziwe zimekauka kabla ya kupandishwa, kwa maana mbao mbichi zitakauka zikiwa tayari zimelemewa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Karatasi ya nailoni itandazwe kati ya mbao na zege ili maji ya zege bichi yasinyonywe. Zege lisichanganywe kwa maji mengi kwa ajili ya urahisi wa kulimwaga, kwa kuwa maji ya ziada hukauka na kuacha msinyao. Mirunda ya kushikilia boriti iachwe mpaka zege liwe limekomaa. Ikiondolewa mapema, zege changa litalemewa kabla ya wakati wake, na boriti haitasahau. Viungo viwe vingi zaidi karibu na ncha kuliko katikati, kwa sababu msukumo wa kuteleza ni mkubwa karibu na egemeo. Zaidi ya hayo, boriti yaweza kuinuliwa kidogo katikati kwa kutumia mirunda hiyo kabla ya zege kumwagwa, ili mnepo wa miaka ijayo uwe na pa kuanzia. Mahali pengine mabamba ya zege hutengenezwa kwanza, yakaachwa yasinyae yenyewe, ndipo yakafungwa juu ya mbao. Njia hiyo ina kazi zaidi, lakini huondoa tatizo katika chimbuko lake.

Jaribio kwa darasa

Zitafutwe fito tatu zilizorandwa kutoka ubao mmoja wa msonobari uliokauka, kila moja yenye urefu wa mita 1, upana wa milimita 20 na unene wa milimita 10. Kila ufito ulazwe juu ya egemeo mbili zilizoachana sentimita 90. Ufito wa kwanza na wa pili utundikiwe kilo 1 katikati. Mnepo wa papo hapo utakuwa kama milimita 9. Ufito wa tatu usiwe na mzigo. Wa kwanza ukae mkavu. Wa pili na wa tatu ivingirishwe kitambaa chepesi chenye maji kwa siku moja, kifunguliwe siku ya pili, na kuendelea hivyo kwa kupokezana kwa muda wa siku 21.

Nyuma ya kila ufito iwekwe karatasi ya mraba mraba, na mnepo wa katikati usomwe kila asubuhi saa ile ile, kabla ya kitambaa kuwekwa au baada ya kuondolewa. Mnepo wa ufito wa tatu utaonyesha ni kiasi gani cha mabadiliko kinatokana na maji peke yake, na kiasi hicho kitolewe katika vipimo vya ule wa pili. Grafu ya mnepo dhidi ya siku ichorwe kwa fito zote mbili zenye mzigo juu ya karatasi moja. Wanafunzi waulizwe kama mstari wa ufito mkavu unaelekea kulala, na kama mstari wa ule unaolowa na kukauka unaelekea kulala pia.

Siku ya 21 mizigo iondolewe. Sehemu ya mnepo itarudi papo hapo, sehemu itarudi polepole kwa siku kadhaa, na sehemu haitarudi kamwe. Sehemu hizo tatu zipimwe kwa muda wa juma moja zaidi na kuandikwa kila moja peke yake, kwa ufito mkavu na kwa ule uliokuwa ukilowa.